Nimechoka hata kuomba, je Mungu bado ananiona?

"Bwana asifiwe mama mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nyalenda hapa Kisumu, nauza omena na mboga. Mwezi wa tatu mzee wangu alianguka kwa mjengo akavunjika mguu na mpaka saa hii hajarudi kazi. Mwezi wa tano nikamchukua mamangu kutoka Siaya juu figo zimefeli, anaenda dayalisisi, ile mashine ya kusafisha damu, mara mbili kwa wiki na mimi ndio nampeleka. Msichana wangu wa kidato cha tatu ametumwa nyumbani karo mara mbili muhula huu. Nimekopa kwa simu apu nne, moja nalipa na pesa ya nyingine. Usiku naamka saa tisa naangalia mabati mpaka kunakucha. Nilikuwa mwombaji mama, nilikuwa naongoza kesha, lakini sasa nikipiga magoti hakuna neno linatoka. Mama mmoja wa kanisa aliniambia Mungu hampi mtu mzigo asioweza kubeba kwa hivyo niache kulialia, mwingine akasema kuamka saa tisa ni vita, kuna kitu kwetu, na mhubiri mmoja ameniambia nipande mbegu ya elfu tano mlango ufunguke. Sina hiyo elfu tano. Kuna siku nawaza heri ningelala nisiamke. Je, imani yangu imekufa? Mungu ameniacha? Nitamtumainia vipi na kila upande ni moto?"

Dada yangu, Bwana asifiwe sana, na pole. Nimesoma meseji yako mara tatu, ya kwanza nilikuwa kwa matatu nikashindwa kuimaliza, nikangoja nifike nyumbani.

Wacha nianze na ile sentensi umeipitisha haraka haraka karibu na mwisho, ya kwamba heri ungelala usiamke. Mimi ni mchungaji na pia ni kaunsela, nimekaa miaka mingi na wagonjwa na watu wao hospitalini, na hiyo sentensi nimeisikia kwa watu wenye imani kunishinda. Eliya nabii aliisema. Haimaanishi umemkana Mungu, inamaanisha umechoka mpaka ukafika mwisho. Lakini siyo ya kukaa nayo peke yako. Kuna kutamani kupumzika, na kuna kuanza kufikiria namna ya kujimaliza, na wewe ndio unajua uko wapi. Kama imefika hiyo ya pili, hata kama ni wazo linakuja tu na kuenda, acha kusoma hapa kwanza. Amsha mzee wako umwambie kwa maneno hayo hayo uliyoniambia mimi, mwende kasualti ya hospitali iliyo karibu, ama piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, hiyo simu ni ya bure. Na usiogope ati utashikwa. Kwa sheria yetu kujaribu kujiua kulikuwa kosa, kifungu cha 226, na watu wengi walificha maumivu yao juu ya hiyo, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema hicho kifungu kinaenda kinyume na Katiba. Kama uko kwa ile ya kwanza, bado nakuomba umwambie mtu mmoja leo. Mmoja tu, uso kwa uso.

Sasa tuingie kwa maswali yako. Yako matatu lakini mimi naona ni moja: kama Mungu ananijali mbona haya yote yamenipata kwa wakati mmoja, na mbona nikimwita sisikii kitu. Na juu ya hilo swali, ambalo ni zito tayari, watu wamekuongezea mawe yao. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ukiwa kwa kichwa cha mwingine unauona ni pamba tu. Kwa hivyo kwanza nikutolee hayo mawe.

Huyo mama aliyesema Mungu hampi mtu mzigo asioweza kubeba simlaumu, pengine amelisikia kanisani tangu akiwa mtoto. Lakini Biblia haisemi hivyo. Watu wanatoa hilo neno kwa 1 Wakorintho 10:13, na ukiisoma pole pole ukianzia juu utaona Paulo anaongea juu ya kujaribiwa kutenda dhambi, mambo ya sanamu na uasherati, kwamba kila jaribu Mungu anaweka mlango wa kutokea. Haongei juu ya mamako na figo zake. Akiongea juu ya maisha kumlemea mtu, Paulo huyo huyo anasema tofauti kabisa, angalia 2 Wakorintho 1:8, kwamba dhiki iliyowapata kule Asia "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi". Kuliko nguvu zetu. Huyo ni mtume, na anawaandikia watu wa kanisa lake waziwazi, hataki wasijue.

Halafu mrudie Eliya, 1 Wafalme 19. Ametoka kushinda manabii wa Baali pale Karmeli, Yezebeli anaapa atamuua, anakimbia mpaka Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani peke yake anakaa chini ya mretemu na kuomba afe. Mungu hakumhubiria. Hakumuuliza imani yako iko wapi, jana si ulishusha moto. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, kumbe kuna mkate umeokwa juu ya makaa na gudulia la maji, akala akanywa akalala tena. Mara ya pili anaguswa na kuambiwa "Inuka, ule, kwa maana safari hii ni kubwa mno kwako". Dada, hebu simama hapo kidogo. Ni mbingu inasema safari ni kubwa mno kwako. Mungu alikubali kwamba imemzidi mtu wake, na kitu cha kwanza alimpa ni chakula na usingizi, mara mbili, kabla hajamwambia neno lolote la huduma. Mazungumzo yalikuja baadaye sana, siku 40 mbele kule Horebu, na hata huko aliongezewa mtu wa kutembea naye, Elisha, na akaambiwa kuna watu 7,000 ambao yeye hakuwa anajua kama wako.

Nataka tukae kwa neno moja sasa. Petro anasema "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote, kwa maana yeye hujishughulisha sana kwa mambo yenu", na Zaburi 55:22 inasema "Umtwike Bwana mzigo wako naye atakutegemeza". Kumtwika. Mimi nilikulia Vihiga, nyumba juu kwa mlima na maji chini kabisa kwa chemchemi. Nikiwa na miaka kumi na mitatu nilikuwa naweza kupanda hicho kilima chote na mtungi wa lita 20 kichwani, shingo imenyooka, kata ya majani makavu ya ndizi imekaa sawa, bila kushika na mkono. Lakini kuna kitu sikuweza, na hata mama zetu hawakuweza, ni kuutoa huo mtungi chini ukafika kichwani peke yako. Maji yanacheza ndani, ukijaribu yanakumwagikia ama unaumia mgongo. Kwa hivyo unajaza halafu unangoja. Unakaa hapo kwa jiwe mpaka mtu atokee, hata kama humjui, hata kama mama zenu hawasalimiani, anachuchumaa anashika chini, wewe unashika juu, haya, moja mbili, umetwikwa. Na ukifika nyumbani kuna mtu anatoka jikoni anakutua. Sikuwahi kuona msichana akiambiwa ana kasoro kwa sababu hawezi kujitwika.

Waliotafsiri Biblia ya Union, ile ya 1952, walichukua neno la akina mama wa mtoni wakaliweka hapo, na nadhani walifanya vizuri sana. Kwa Kiyunani Petro anasema kurusha kitu juu ya kitu, ndilo neno hilo hilo Luka anatumia wanafunzi walipotupa nguo zao juu ya mwanapunda ili Yesu apande. Ni kazi ya mikono. Haisemi usikie amani kwanza, haisemi usilie, haisemi uache kuogopa, maana huwezi kumtwika mtu fadhaa ambayo huna. Wewe umekuwa ukipima imani yako kwa vile unasikia moyoni, na moyoni saa hii hakuna kitu, kwa hivyo umeona imekufa. Mimi naipima kwa kitu kingine. Mtu ambaye imani yake imekufa haulizi Mungu ameniacha, hana shida na hilo swali. Wewe umekaa hapo kwa jiwe na mtungi umejaa ukiangalia njia nani atatokea.

Hiyo saa tisa ya usiku sasa, kwa sababu najua imekutisha. Usingizi wa mtu ni mzito nusu ya kwanza ya usiku, ikifika saa nane saa tisa unakuwa mwepesi, na ndio wakati mwili unaanza kupandisha homoni inaitwa kotisoli ujitayarishe kwa asubuhi. Mtu ametulia anageuka tu upande wa pili. Mtu ako na stresi ya miezi, kotisoli na adrenalini yake ziko juu tayari (zinatoka kwa tezi mbili ndogo zimekaa juu ya figo kama kofia), hiyo kidogo ikiongezeka anaruka macho kodo. Na gizani hakuna mteja wa kuongelesha, hakuna kelele ya bodaboda, akili inabaki na madeni peke yake. Ubongo una kitu kama kengele ya hatari, Muumba aliiweka hapo ili ukiona nyoka uruke kabla hujafikiri. Shida ni kwamba hiyo kengele haijui tofauti ya nyoka na meseji ya kudaiwa mkopo. Kwako imelia tangu mwezi wa tatu haijazimwa, na kengele ikilia hivyo muda mrefu mwili unaanza kuzima vitu vingine, hamu ya chakula, kicheko, hamu ya mwenzako, na ile ladha ya maombi nayo inaenda. Huo ukavu unausikia ukipiga magoti ni mwili umechoka kuhisi. Mungu hajatoka chumbani.

Sikatai vita vya kiroho viko, naviamini. Lakini kuamka saa tisa hakuthibitishi mtu amekurogea mlango, na hilo neno "kuna kitu kwenu" limevunja familia nyingi hapa kwetu, watu wanaacha kutibu mgonjwa wanaanza kutafuta nani wa kulaumiwa, na mara nyingi anayelaumiwa ni shangazi fulani mjane hana wa kumtetea. Wanafunzi walimwuliza Yesu juu ya yule kipofu, alitenda dhambi huyu ama wazazi wake, akasema si huyu wala si wazazi wake. Mnara wa Siloamu ulipoangukia watu 18 wakafa, akauliza mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wote? Siyo. Mzee wako alianguka kwa mjengo kwa sababu watu wanaanguka kwa mjengo, pengine mbao hazikuwa zimefungwa vizuri.

Ukiamka hiyo saa, usishike simu, hiyo taa na hizo meseji za deni zinawasha kengele upya. Kaa, weka mkono kwa tumbo, vuta pumzi ukihesabu hadi nne halafu itoe pole pole ukihesabu hadi sita ama saba, fanya hivyo dakika tano. Kutoa pumzi polepole ndiko kunauambia moyo upunguze mbio, hata watu wasioamini wanajua hivyo. Mimi wakati wa kuvuta nasema "Bwana", wakati wa kuitoa nasema jina la mzigo mmoja, "karo ya huyu mtoto". Pumzi inayofuata, mwingine. Hayo ndiyo maombi yote. Usitafute maneno ya kesha. Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, yaani hata ule mguno unautoa ukigeuka kitandani unahesabiwa.

Na kama maneno unayataka, yako tayari, uliandikiwa. Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara nne kwa mistari miwili. Zaburi ya 88 ni ya mtu aliyelia mchana na usiku na inaisha gizani, haina ile shukrani ya mwisho tumezoea, na bado iliwekwa kwa kitabu cha ibada watu waiimbe. Mimi naona makanisa yetu mengi tumekosea hapo, tunajua kuimba ushuhuda lakini mtu bado ako katikati ya shimo hatuna wimbo wake, tunamwambia akae kwanza mpaka apate ushindi ndio tumpe maiki. Kwa hivyo mwenye kuumia anaanza kujificha, ama anaacha kuja.

Nakuambia haya nikiyajua. Mwanangu wa pili alizaliwa kabla ya wakati, wiki 29, kilo moja na kidogo, akawekwa kwa kile kisanduku cha joto na mimi nikaketi nje siku baada ya siku. Nilikuwa tayari nahubiri. Sikuweza kuomba hata baba yetu uliye mbinguni, nilikuwa nafika "mapenzi yako yatimizwe" nanyamaza kwa sababu sikuyataka yatimizwe kama ni yale nilikuwa naogopa. Wachungaji wenzangu walikuja wakaomba kwa sauti kubwa wakaenda. Kulikuwa na mama mmoja mzee, mjukuu wake alikuwa humo humo ndani, kila asubuhi alikuja na chupa ya uji wa wimbi, anamimina kwa kikombe cha plastiki cha kijani, na alikuwa anakishikilia yeye mpaka nimalize kwa sababu mikono yangu ilikuwa inatetemeka na naumwaga. Hakuwahi kunipa mstari hata mmoja. Paulo anasema wakati fulani alikuwa na dhiki kila upande, nje vita, ndani hofu, halafu anasema "Mungu, mwenye kuwafariji wanyonge, alitufariji kwa kuja kwake Tito". Kwa kuja kwake Tito! Mtu amebisha mlango, basi, na Paulo anaita hiyo faraja ya Mungu. Mimi Tito wangu alikuwa na kikombe cha kijani.

Ndio maana nakuambia ukubali kushikwa. Wagalatia 6 ina kitu watu wanapita. Mstari wa 2 unasema "mchukuliane mizigo", halafu wa 5 unasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe, na wengine wanaona ni kama Paulo amejipinga. Hajajipinga. Furushi ni lako, lile begi la kila siku la mtu, kuamka, kuuza, kupenda watoto wako. Mzigo ni ule unamzidi mtu mmoja. Ukisoma meseji yako utaona umechukua mizigo ya watu wanne ukaita yote furushi lako.

Hujaniambia kama una ndugu. Kama wako, hata wakiwa Nairobi, mamako ni wa wote, ita kikao hata kama ni kwa simu, na usiseme "naomba msaada", sema nataka nani atampeleka mama siku gani na nani analipa nauli. Hakikisha mama ameandikishwa SHA, ile bima ya afya ya serikali, na malipo hayajakatika, hiyo ndiyo ilichukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, na hospitali za serikali zina afisa wa ustawi wa jamii ambaye kazi yake ni kusikiza watu walioshindwa na bili, muulize wazi kama kuna kusamehewa. Mzee wako mguu umevunjika lakini kichwa na mikono iko, anaweza kuchagua omena, anaweza kupigia mwalimu mkuu akapanga kulipa karo kidogo kidogo mtoto asikae nyumbani, anaweza kufuatilia fomu za basari ya kaunti na ya eneo bunge. Na nikuambie kitu, mwanaume amekaa kwa kiti miezi akiangalia mke wake akikimbia naye anaumia, ukimpa kazi unamtua pia. Hizo apu nne, ziandike kwa karatasi na kiasi cha kila moja, umwonyeshe. Usikope ya tano kulipa ya nne, hapo ndipo mtu anazama. Chagua ile ndogo uimalize kwanza, na kama uko kwa chama waambie ukweli kabla mwenyekiti hajasikia kwa watu wa soko.

Ile mbegu ya elfu tano usitoe. Sitazunguka hapa. Kutoa ni kwa moyo, 2 Wakorintho 9:7 inasema "si kwa huzuni, wala si kwa lazima", na Yesu aliwasema vibaya sana viongozi wa dini waliokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Kanisa la kwanza kwa Matendo 4 pesa ilikuwa inatoka kwa wenye nacho inaenda kwa kila mtu kadiri ya alivyohitaji. Mtu anayekuona na mgonjwa wa figo na mtoto wa shule nyumbani halafu anaona elfu tano kwako, huyo ameshindwa kukuona. Na Mungu hafungui mlango kwa ada, hilo nakuhakikishia na Biblia yote mkononi.

Hao wa kesha wenzako nao waite. Usiwaambie "niombeeni", hiyo inaisha kwa amina. Waambie mimi siwezi kuomba kwa sasa, niombeeni nikiwa hapa nimenyamaza, na mmoja wenu akae sokoni kwangu siku moja ya dayalisisi. Yule mwenye kupooza wa Kapernaumu alishushwa na watu wanne kupitia kwa dari, na Marko anaandika "Yesu, alipoiona imani yao". Yao. Yule wa kwa godoro hata hatuambiwi kama alisema neno.

Sasa wewe ni wa ziwani, na hii lazima niseme. Ile hadithi ya Marko 4, dhoruba ikiwapiga wanafunzi kwa ziwa la Galilaya na Yesu amelala kwa mashua, baadhi yao walikuwa wavuvi wa kazi, kama hao wa Dunga wanaotoka usiku na taa kutafuta omena yako. Ziwa lao ni dogo, kilomita kama 21 kwa urefu, hili la kwetu lingemeza la namna hiyo karibu mara 400, lakini upepo ukishuka kutoka milimani hata ziwa dogo linazamisha mtu. Wakamwamsha na maneno ambayo ni yako kabisa, "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Hakuwatupa nje kwa sababu ya hilo swali. Alikemea upepo kwanza, maswali ya imani akauliza baadaye, maji yametulia. Na alikuwa kwa mashua hiyo hiyo, kwa hayo hayo mawimbi.

Lakini sitakudanganya ati upepo hutulia kila wakati. Kwa Matendo 27 Paulo yuko kwa dhoruba ya siku 14, ameomba, malaika amesimama naye, na bado meli ilivunjika. Watu wote 276 walifika pwani, wengine wakiogelea, wengine juu ya mbao na vipande vya meli. Siwezi kukuahidi mamako atapona. Figo zikishafeli kabisa ile mashine inafanya kazi yake, haiziponyi, na wewe unajua hivyo ndio maana unaogopa. Muombee uponyaji, mimi pia nitamuombea, na wakati huo huo ongea na daktari wake kwa ukweli mambo yanaelekea wapi. Hayo mawili hayagombani. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kufika juu ya ubao pia ni kufika, na mkono uliokushika hapo ni ule ule.

La mwisho ni wewe na daktari. Huzuni nzito ama kukosa hamu ya kitu chochote, karibu kila siku, kwa wiki mbili na zaidi, na usingizi umeharibika na wazo la kutotaka kuamka, hiyo inahitaji kuangaliwa na mtu aliyesomea, huenda ni ugonjwa wa sonona, watu wanaita dipresheni. Kuna watu ambao mazungumzo na kaunsela yanawatosha, kuna wengine wanahitaji dawa kwa muda, na hizo dawa zinachukua wiki kadhaa kabla usikie tofauti kwa hivyo usiziache siku ya tano ukisema hazifanyi. Kumeza dawa ya akili hakupunguzi imani, vile mashine ya figo haijapunguza ya mamako. Hapo Kisumu kuna hospitali ya kaunti na kuna Jaramogi, ile tumezoea kuita Russia, ama anzia tu hospitali hiyo hiyo unampeleka mama, uulize watu wa afya ya akili.

Na muda unao, najua unadhani hauna. Mtu akishaunganishwa na ile mashine anakaa kama masaa manne. Siku yake ikifika wiki hii, usikae kwa benchi ukihesabu madeni. Kula kitu kwanza, hata chapati na chai hapo nje. Halafu enda uulize hiyo kliniki iko mlango gani, uwaambie umeacha kulala, huwezi kuomba, na ile sentensi uliniambia, uiseme yote. Ukirudi kwa mamako, inama karibu na kitanda umwambie akuombee wewe. Mkono mmoja utakuwa na mirija, ule mwingine uko huru, mwambie auweke hapo kichwani kwako.